Sentensi Pweke na Mwanafunzi Mtu Mzima: Tahakiki ya Programu za Kujifunzia Kiswahili

Tangu Duolingo ilipoanzisha kozi ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza mwaka 2017, mtu mzima aishiye mbali na wazungumzaji wa lugha hii anaweza kuanza kujifunza kwa simu yake tu. Hatua hiyo haistahili kubezwa. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alibainisha kwamba marudio yaliyotawanywa kwa muda huimarisha kumbukumbu kuliko marudio ya mfululizo. Programu za aina hii hutekeleza kanuni hiyo kwa uthabiti ambao mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuufikia. Kwa msamiati, na kwa upatanisho wa ngeli ndani ya sentensi, zinafaa.

Hoja ya tahakiki hii ni kwamba ufaafu huo hukoma pale sentensi inapokoma. Tuchukue jozi hii: "Nimesoma kitabu" na "Nimekisoma kitabu". Zote mbili ni sahihi kisarufi. Katika ya pili, kiambishi -ki- kwa kawaida huashiria kwamba kitabu hicho tayari kinafahamika kwa msemaji na msikilizaji. Hali ni tofauti kwa yambwa ya mtu mahususi: Kiswahili sanifu hutarajia "Nimemwona Asha". Kanuni hii ya mwisho hufunzika kwa sentensi pweke. Ile ya kwanza haifunziki hivyo, kwa kuwa kinachoamua umbo kimo katika maneno yaliyotangulia.

Huenda ikadaiwa kwamba kibainishi cha Kiingereza katika zoezi la tafsiri kinatosha kumwongoza mwanafunzi. Sivyo. "Nimesoma kitabu" hukubalika hata pale kitabu kinapofahamika. Hivyo, anayekilinganisha kiambishi hicho na kibainishi atakitumia kupita kiasi. Asiyekilinganisha na chochote atakiacha, na kila atajapo jambo litasikika kana kwamba ndiyo kwanza linaingia katika mazungumzo. Wote wawili watakuwa wameambiwa "sahihi" mara nyingi.

Mtu mzima ana uwezo wa kuelewa kanuni iliyoelezwa waziwazi. Hana sababu ya kuachwa aikisie. Watunzi wa programu hizi wangeanza na mazungumzo mafupi badala ya sentensi mojamoja. Nasi tunaowapokea wanafunzi hao madarasani tusiwarudishe kwenye orodha za ngeli wanazozijua. Tuanzie pale simu ilipowaachia: sentensi ya pili.