Sheria Iliyopikwa Miaka Kumi na Minane

Tommy Douglas aliwahi kuwa mchapaji Winnipeg, kisha mchungaji wa Kibaptisti katika mji mdogo wa Weyburn, jimboni Saskatchewan, Kanada, wakati ukame wa miaka ya 1930 ukiwafilisi wakulima wa ngano. Juni 1944 chama chake, CCF, kilitwaa viti 47 kati ya 52 vya bunge la jimbo, naye akawa waziri mkuu wa jimbo. Alitaka kila mkazi atibiwe bila kuulizwa pesa mlangoni.

Alianza kwa kupima. Alimwita Henry Sigerist, msomi wa historia ya tiba, alizunguke jimbo na kupendekeza njia. Mwaka 1945 wastaafu na wajane wakaanza kutibiwa kwa gharama ya serikali. Mwaka 1946 ikaja zamu ya eneo la Swift Current. Halmashauri nyingi za vijijini jimboni zilikuwa na desturi ya kumwajiri daktari kwa mshahara. Wakazi wa Swift Current walikwenda mbali zaidi: walipiga kura, wakakubali kutozwa kodi ili eneo zima lihudumiwe.

Januari 1, 1947 bima ya hospitali ikaanza: dola 5 kwa mtu kwa mwaka, familia isilipe zaidi ya dola 30. Kulazwa kukawa na bima, lakini ada ya daktari bado ilitoka mfukoni mwa mgonjwa.

Hapo ndipo Douglas alipojizuia. Mwanasiasa mwenye pupa angeuleta upesi mswada wa pili, wa kulipia madaktari, makofi yakiwa bado ya moto. Yeye aliiacha bajeti itulie, deni la jimbo lipungue, vitanda viongezeke. Mwaka 1958 serikali kuu ilipoanza kuchangia gharama za hospitali, hazina ya jimbo ikapata nafasi. Mwaka 1959 akautangaza mpango wa bima ya kulipia madaktari, mwaka 1960 akauombea kura na kushinda.

Sheria ya mpango huo ilipita Novemba 1961, mwezi uleule alipomkabidhi Woodrow Lloyd uongozi wa jimbo ili yeye mwenyewe aongoze chama kipya cha kitaifa, NDP. Julai 1, 1962, siku ilipoanza kutumika, madaktari waligoma. Siku ya 23 ya mgomo wakafikia mwafaka na serikali: walipata ruhusa ya kufanya kazi nje ya mpango, lakini bima ya wote ikabaki. Kufikia 1966 Bunge la Kanada lilikuwa limepitisha sheria ya kuyasaidia majimbo mengine kufanya vivyo hivyo.