Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Haki ya Mwandishi Chipukizi katika Mwito wa Wazi wa Hadithi

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu akiwa na karatasi mkononi. Lilikuwa tangazo la shindano la hadithi fupi, na juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba shindano liko wazi kwa watu wote. "Mwalimu," aliniuliza, "nipeleke hadithi yangu au nisipeleke?" Kwa mazoea ningemjibu papo hapo: peleka, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hiyo nilisita. Makala haya yanaeleza sababu za kusita kwangu.

Mwito wa wazi ni tangazo ambalo kwalo mchapishaji, jarida au taasisi huwaalika watu wote kutuma miswada, bila ya mtumaji kujuana na mhariri wala kuwa na wakala. Swali langu ni hili: je, utaratibu huu humtendea haki mwandishi chipukizi, au humfungulia mlango tu kisha humwacha amesimama ukumbini?

Tuanze na sifa zake, kwani mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Riwaya ya Kiswahili ina deni kwa miito ya namna hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata ushindi wa kwanza katika shindano la kuandika hadithi la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu hapo Bwana Msa amekuwa mwenyeji katika madarasa yetu. Hapa kwetu Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi alishinda shindano la miswada la Kwani? la Nairobi mwaka 2013, na riwaya yake Kintu ikatoka mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2014 alishinda tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Yeye huandika kwa Kiingereza, lakini funzo ni letu sote: wachapishaji wa Uingereza walikuwa wameikataa kazi yake kabla ya mwito wa Nairobi kuipokea.

Hata hivyo, tukiitazama mifano hii kwa makini tutaona jambo ambalo matangazo hayalisemi. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari na mhariri kabla ya shindano lile. Makumbi alikwisha kusomea uandishi wa kubuni Uingereza. Hao walikuwa wapya kwa wachapishaji, si wapya kwa kalamu. Mwanafunzi wangu ni mpya kwa vyote viwili, na tangazo linamwita kwa neno lilelile moja: chipukizi. Mwito wa wazi basi huwafaa zaidi wale waliokwisha kuiva ambao hakuna aliyewaona. Kumwambia anayeanza kwamba umewekwa kwa ajili yake ni kumpa tumaini la bure.

Suala la pili ni idadi. Tuzo hiyo ya Jumuiya ya Madola haitozi ada, na hupokea hadithi za Kiswahili pia, jambo la kupongezwa. Lakini mwaka 2023 ilipokea hadithi zaidi ya 6,600, na washindi wa kanda ni watano tu. Hiyo ni wastani wa hadithi zaidi ya 1,300 kwa kila mshindi mmoja wa kanda. Sisemi kwamba hii ni dhuluma. Tuzo ni tuzo, na mshindi hawezi kuwa kila mtu. Nasema kwamba mwalimu anayempeleka mwanafunzi huko bila kumtajia hesabu hii hamtendei haki.

Suala la tatu ni mipaka. Neno "wazi" mara nyingi huishia kwenye paspoti. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi za Tanzania milioni 10, nayo imekusudiwa Watanzania. Serikali ya nchi ina haki ya kuwatunza waandishi wake, na laiti na sisi tungekuwa na tuzo kama hiyo. Tuzo ya Jumuiya ya Madola nayo ni ya raia wa nchi wanachama. Katika darasa langu wamo Warundi na Wakongo waliozaliwa ndani ya Kiswahili, ilhali baadhi ya Waganda wenzao walianza kujifunza lugha hii sekondari. Burundi na Kongo si wanachama wa Jumuiya hiyo. Kwa hiyo yule anayeota ndoto kwa Kiswahili hubaki nje, na yule anayekitafuta katika kamusi huingia. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo siku hizi huitwa Safal-Cornell, imepanua uwanja kwa kuitazama lugha yenyewe. Lakini hata hiyo huweka katika kapu moja miswada ambayo haijachapishwa na vitabu vilivyokwisha kupita mikononi mwa mhariri. Mswada ulioandikwa usiku bwenini unashindanishwa na kitabu kilichosafishwa na wataalamu.

Nafika sasa kwenye suala zito zaidi, nalo ni masharti. Miaka kadhaa iliyopita nilimhimiza mwanafunzi wangu mwingine apeleke hadithi kwenye mwito mmoja. Nilimsaidia kusahihisha, nikamlipia gharama ya kuchapa. Hakushinda, wala hakujibiwa. Baadaye alipotaka kuiweka hadithi hiyo katika mkusanyiko wa wenzake, tulirudi kusoma tangazo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, lilisema kwamba hakimiliki ya kazi zote zitakazotumwa ni mali ya waandaaji. Kazi zote, siyo zilizoshinda tu. Tuliandika barua mbili kuomba idhini, hatukupata jibu. Hadithi ikatolewa katika mkusanyiko. Binti yule hakunilaumu hata kidogo, na upole wake ndio uliniumiza zaidi. Mimi mwalimu, mwenye shahada mbili za lugha, nilikuwa nimesoma tarehe ya mwisho na idadi ya maneno, nikayaruka masharti mengine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mwito wa aina ile, mwenyeji hupona kwelikweli: anapata jina, anapata akiba ya hadithi bila kulipa senti. Mgeni hurudi mikono mitupu, na kikapu chake amekiacha huko.

Lakini nyani haoni kundule. Mimi pia nimewahi kukaa upande wa waamuzi. Idara yetu ilipoendesha shindano la hadithi kwa wanafunzi, nilikuwa mmoja wa wasomaji watatu. Tulisoma usiku, baada ya kusahihisha mitihani, bila malipo. Nakiri kwamba kuna miswada niliyoiacha baada ya ukurasa wa kwanza kwa sababu ya makosa ya upatanisho wa kisarufi. Nakiri pia kwamba hatukuwaandikia walioshindwa hata mstari mmoja. Huenda katika miswada ile kulikuwa na msimulizi hodari ambaye ngeli zilimshinda. Tulikuwa tumetangaza shindano la hadithi, lakini tukasahihisha zoezi la sarufi.

Najua watakaonipinga watasema: wahariri ni wachache, fedha hakuna, na bila miito hii wangechapishwa wajuani tu. Hoja hiyo ni ya kweli na siikatai. Mwito wenye kasoro ni bora kuliko mlango uliofungwa kabisa. Ila ufukara wa mwandaaji hauhalalishi kila kitu. Kuandika sharti la hakimiliki kwa uwazi hakuna gharama. Kutaja siku ya kutoa majibu hakuna gharama. Barua fupi ya kusema "hatukuichagua, kazi ni yako, itumie upendavyo" haigharimu chochote siku hizi za barua pepe.

Kwa maoni yangu, basi, haki haipimwi kwa nani ameshinda. Hupimwa kwa hali ya yule aliyeshindwa: je, amebaki na hadithi yake? Je, amejua kwamba imesomwa? Je, alielezwa mapema nani atahukumu na kwa vigezo gani? Je, alitozwa ada ambayo hakuwa na uwezo nayo? Mwito unaojibu maswali hayo vizuri ni wa haki hata kama mshindi ni mmoja kati ya maelfu.

Napendekeza mambo mawili kwa wenzangu. Kwanza, katika somo la uandishi wa kubuni tutenge kipindi kizima cha kusoma matangazo ya mashindano kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, neno kwa neno, hasa maandishi madogo. Pili, shindano la idara likirudi, tutangaze majina ya waamuzi na vigezo, tuache hakimiliki kwa mwandishi, na kila aliyetuma apate angalau sentensi mbili za maoni. Kama hatuna nguvu ya kusoma miswada mia, tuite thelathini.

Na yule mwanafunzi wa mwaka wa pili? Tuliketi tukalisoma tangazo lake mpaka mwisho. Masharti yalikuwa mazuri: hakuna ada, na hakimiliki hubaki kwa mwandishi. Nikamtajia kwamba nafasi ya kushinda ni ndogo mno. Akacheka, akasema, "Hiyo naijua, Mwalimu. Nilitaka kujua kama itarudi kwangu." Akaipeleka.