Dakika tatu hazimtoshi mpiga mganda

Hugh Tracey alirekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, na mfululizo wake wa Sound of Africa ulifikia santuri 210. Nimesikiliza kadhaa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili. Sauti ni safi, ala zinasikika moja moja. Tatizo ni kipimo: nyimbo nyingi hukatwa baada ya dakika tatu hivi, urefu wa upande mmoja wa santuri za enzi hizo.

Kwetu Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, dakika tatu mganda haujachanganya. Wanaume wanajipanga kama askari, wanapuliza vibuyu vyenye utando, na kundi la jirani linasubiri zamu ya kujibu. Terence Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa (1975), ameeleza vizuri mashindano ya beni na ngoma za ukoo wake. Ila kitabu hakipigi ngoma.

Basi tusiseme muziki umehifadhiwa kwa sababu tu kanda ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Wapiga zumari wa Ireland walianzisha chama chao, Na Píobairí Uilleann, mwaka 1968. Mjini Dublin wanatunza rekodi na kufundisha wanafunzi chini ya paa moja. Mganda nao urekodiwe mchana kutwa, wazee waeleze nani alikuwa akipigwa kijembe, na nakala ya kwanza ibaki Lupingu, kwa vijana wanaopuliza.