Mshabiki kama Mhakiki

Wako wahakiki wadaio kwamba mshabiki wa muziki wa roki hutekwa na mdundo tu, na kwamba ujana ukimtoka, ushabiki nao humtoka. Greetings from Bury Park (2007), tawasifu ya Sarfraz Manzoor, yalipinga dai hilo. Manzoor alizaliwa Pakistani, akakulia Luton, Uingereza, ambako babake alifanya kazi katika kiwanda cha magari. Mwaka 1987 mwanafunzi mwenzake, Singasinga, alimjulisha nyimbo za Bruce Springsteen, Mmarekani aliyeimba juu ya wafanyakazi wa viwandani na ugomvi wa baba na mwana. Kwa mgeni huyo kijana alipata maneno ya jambo lililokosa msemaji nyumbani kwao. Babake alipofariki mwaka 1995, nyimbo hazikubadilika. Msikilizaji ndiye aliyebadilika, na alichokisikia kwanza kama uasi dhidi ya baba akakisikia sasa kama deni kwake. Basi mdundo hubisha hodi tu. Maneno ndiyo yanayokaa kitako na mwenyeji. Hatuna budi kukiri kwamba mshabiki wa kudumu ni mhakiki: hurudia matini ile ile, na kila umri humfunulia maana nyingine.