Picha ya Mgomo wa Elisabethville

Kati ya picha ambazo Tshibumba Kanda Matulu alichora huko Katanga miaka ya 1973 na 1974, iko moja inayofaa kutazamwa na kila padri na kila katekista. Ni picha ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, Elisabethville, Desemba 1941. Mchoraji alitaka kueleza historia yote ya Kongo kwa picha karibu 100, akazifasiri mwenyewe kwa Kiswahili mbele ya mwalimu Johannes Fabian, ambaye alizitoa katika kitabu mwaka 1996.

Kwetu Uvira habari hii si ya mbali. Zamani za Wabelgiji meli zilitoka Kalundu zikashuka mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na kutoka kule gari la moshi liliingia Katanga. Jirani zetu wengi wa Ruanda-Urundi waliandikwa kazi ya shaba huko.

Kwanza tumsifu mchoraji. Bula Matari walihesabu wafu. Tshibumba anataja jina. Leonard Mpoyi alikuwa karani, mtu wa shule, akasema kwa niaba ya wenzake. Askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira, wakafa watu makumi. Anayetaja jina la maiti anafanya kazi ya huruma, kama vile sisi tunavyowataja marehemu katika Misa.

Tukiisha kumsifu, tuseme pia kinachopunguka. Tshibumba alizaliwa mwaka 1947. Mgomo hakuuona, aliupokea kwa wazee. Na katika masimulizi ya wazee, Gavana Maron anamwua Mpoyi kwa mkono wake mwenyewe. Hivyo habari inakuwa ya mtu mbaya mmoja na mtu mwema mmoja. Tukiishia pale, tutadhani kwamba gavana mpole angaliponya yote. Sivyo.

Shida ilianza mbali. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, bei ya shaba ikashuka, na kompani ikafukuza wafanyakazi wengi. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliinuka, kwa kuwa bei ya ngazi ilipunguzwa na kodi ilidaiwa vilevile. Mwaka 1935, ng'ambo ya mpaka, kodi ilipandishwa, wachimbaji wa shaba wakagoma, na sita wakauawa Luanshya. Kisha vita ikaja. Nguo na chakula vikapanda bei, mshahara ukabaki nyuma. Bunduki inachorwa kwa urahisi. Bei haina uso, na ndiyo iliyowasukuma watu uwanjani.

Papa Pius XI aliyaona hayo. Katika Quadragesimo Anno, mwaka 1931, alifundisha kwamba mshahara umtoshe mfanyakazi na jamaa yake. Na kompani ikikosa nguvu, wakubwa na wafanyakazi washauriane. Fundisho hili lilikuwa limeandikwa miaka kumi kabla ya risasi. Sisi tunaolisoma darasani, tujiulize limefika wapi.

Maana hata kwetu kuna habari isiyochorwa. Mwaka 1996 vita ilipofika katika bonde la Ruzizi, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama. Waliokata miwa na waliopika sukari walibaki bila kazi. Hakukuwa na mgomo wa kupigwa risasi, wala Mpoyi wa kutajwa, basi hakuna picha. Je, njaa ya nyumba zile ilikuwa ndogo kwa sababu haikutoa damu? Na padri aliyewaambia wavumilie tu, aliwapa nusu ya Injili, maana Mtakatifu Yakobo anasema wazi kwamba mshahara ulionyimwa unalia mbele ya Mungu.

Ndugu waseminari na makatekista, waonyesheni vijana picha hii. Wakiisha kutazama bunduki, waulizeni: juma lile mke wa mfanyakazi alinunua unga kwa franka ngapi? Halafu waulizeni bei ya unga wa muhogo na ya ndagala leo, sokoni Uvira, na nani katika mtaa wao hawezi kununua.