Wakaguzi wa Nyufa Zisizoonekana

Mmarekani William Hoke aligundua kwamba unga wa chuma uliotokana na kusaga vipande vilivyoshikwa na sumaku ulijipanga mstari penye ufa. Mwaka 1922 alipewa hataza. Ndipo ikazaliwa kazi ya kukagua nyufa kwa sumaku, kazi inayostahili heshima kubwa kuliko inayoipata.

Nguvu ya sumaku ikikutana na ufa ndani ya chuma huvuja nje, na chembe ndogo za chuma hunaswa hapohapo.

Mtazame mkaguzi akiwa na krankishafti mezani. Huifuta grisi yote, huitia sumaku huku akiimwagia maji yenye chembe zinazong'aa, kisha huzima taa na kuwasha ile ya miale ya urujuanimno. Ufa mwembamba kuliko unywele huchomoza kwa rangi ya kijani. Asipouona haridhiki: ufa uliolala sambamba na mkondo wa sumaku hujificha, kwa hiyo huitia sumaku tena kwa upande mwingine. Uvumilivu huo ndio ufundi wenyewe.

Alumini haikaguliwi hivi, kwa kuwa haishiki sumaku. Lakini kwa ekseli za treni na vyuma vinavyobeba magurudumu ya ndege, wakaguzi hawa wanastahili shukrani za kila abiria.