Sindano Kavu Bwana! Msuli Unaruka, Shingo Inafunguka, na Bado!

Jamani, jamani, jamani! Hapa ninapoandika bega langu la kulia bado lina joto, zito, linauma kwa utamu (nani alijua kuna maumivu matamu?), na shingo yangu, ile shingo iliyokakamaa hadi mtu akiniita kwa nyuma nageuka mwili mzima, inazunguka! Kushoto, kulia, juu, chini, popote ninapotaka. Kwenye daladala nimekuwa nageukageuka bure tu, nachungulia madirisha ya pande zote mbili, mpaka konda akaniuliza kama nimepitishwa kituo. Nimetoka kuchomwa sindano kavu, mwenzangu, na nisipokuhadithia leo leo nitapasuka.

Unachomwa sindano isiyo na dawa. Umenisoma vizuri: isiyo na dawa! Haina kitu ndani, wala haina tundu la kupitishia kitu. Ni kisindano chembamba, chembamba mno, chembamba kiasi kwamba kingeweza kupita ndani ya tundu la sindano ile ya kutolea damu hospitalini. Mfiziotherapia anapapasa msuli kwa vidole, anaona pale ulipofunga fundo, halafu anakizamisha kisindano katikati ya fundo lenyewe. Basi! Hakuna ganzi, hakuna chupa, hakuna vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Nilipoelezwa nilicheka. Sasa dawa iko wapi? Dawa ni hiyo hiyo sindano, shoga yangu!

Lakini ngoja, nimekimbilia mbele. Kabla ya sindano kuna vidole, na vidole vya yule kijana mfiziotherapia wangu ni habari ya peke yake. Kanilaza kifudifudi, katembeza vidole vyake begani, pole pole, kimya, halafu kasimama mahali pamoja na kubonyeza. Weeeee! Sikuruka, niliogelea hewani. "Hapa, dada?" Hapo hapo, daktari, hapo hapo! "Na kichwa je?" Nikanyamaza. Kwa sababu kweli, wakati anabonyeza bega, maumivu yalikuwa yanapanda shingoni, yanazunguka nyuma ya sikio, yanakuja kukaa hapa kwenye paji, pale pale panaponigonga kila jioni nikitoka kazini. Nilikuwa nameza vidonge vya kichwa, kumbe mkorofi yuko begani! Anapiga, halafu anajificha, kichwa ndicho kinacholia. Nilibaki mdomo wazi kwenye lile tundu la kuwekea uso kitandani.

Na usidhani ni hadithi ya kliniki moja. Kuna mama mmoja daktari wa Marekani, Janet Travell, aliyeutumia umri wake kufuatilia vituko hivi: fundo likiwa hapa, maumivu yanatokea kule. Akavichorea ramani, msuli kwa msuli, na mwaka 1983 yeye na mwenzake David Simons wakatoa kitabu kikubwa ambacho wafiziotherapia wanakinukuu hadi leo. Unajua alikuwa nani? Daktari wa Rais John F. Kennedy! Yule rais kijana, mtanashati, mgongo ulikuwa unamtesa vibaya mno, na mwaka 1961 akamchukua mama huyu Ikulu ya Marekani, mwanamke wa kwanza kushika kazi ya udaktari wa rais. Ila Travell yeye mafundo alikuwa anayachoma kwa sindano yenye ganzi. Aliyetuletea jambo kubwa ni Karel Lewit, daktari wa Prague, ambaye mwaka 1979 alichapisha matokeo ya kuwachoma wagonjwa sindano tupu. Tupu! Na zaidi ya asilimia 86 ya sehemu alizochoma, maumivu yalikatika papo hapo. (Papo hapo si milele, nitakuja huko, usinikatishe utamu.)

Haya, sindano sasa. Mimi ni mwoga wa sindano, mwoga haswa, yule anayegeuzia uso ukutani hata mtoto wa jirani akichanjwa. Nimejikunja, nimefumba macho, nimeuma taulo, nasubiri. Nikasikia kimrija cha plastiki kimegusa ngozi, baridi kidogo, kisha kidole kikagonga juu yake, tak! Nikaendelea kusubiri. Nikauliza, daktari, unaanza lini? Akacheka. Ilikuwa imeshaingia! Ngozi haikuwa na habari kabisa. Nikaanza kujiona shujaa, nikafungua jicho moja, nikaanza hata kupiga soga.

Na bado!

Kwa sababu kuingia kwenye ngozi si kitu. Akaanza kuisogeza ndani, juu, chini, juu, chini, taratibu, anatafuta, anatafuta... na ghafla msuli ukaruka! Peke yake! Sikuuamrisha, sikuutarajia, sikuweza kuuzuia. Unajua jicho linavyocheza, ile kope inavyorukaruka ukasema leo nitapata mgeni? Basi chukua ule mchezo uupeleke ndani ya bega, uukuze, uwe mzito, wa kina, wa kushtua, halafu ukatike. Nikapiga kelele. Halafu nikacheka. Halafu nikapiga kelele na kucheka kwa pamoja, kwa sababu uliruka tena, na tena, na kila ukiruka mruko unapungua, hadi akasogeza sindano msuli ukatulia tuli. Hauna la kusema. Umesalimu amri!

Na hapo ndipo utamu ulipo, sikiliza. Kile kinachofuata siwezi kukueleza vizuri lakini nitajaribu: joto. Joto linaloenea, linalomiminika toka kwenye fundo kwenda shingoni, kwenda mkononi, uzito mzuri, uvivu mzuri, bega likashuka. Likashuka lenyewe! Sikujua kwamba mwaka mzima nimetembea na bega limepanda karibu na sikio. Yule kijana akaniambia ule mruko ndio alioutaka, ndio dalili kwamba ameligonga fundo barabara. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walishawahi kuingiza sindano maalumu ya kunyonya majimaji ndani ya mafundo kama hayo ya begani. Wakakuta kemikali za maumivu zimejazana pale, na baada ya msuli kuruka baadhi yake zikapungua. Mimi sihitaji kupimiwa. Nilizisikia zikiondoka!

Nikadhani tumemaliza. Tumemaliza wapi! Nilikuwa nimemwambia pia kuhusu mguu, yale maumivu yanayoshuka pembeni ya paja nikikaa sana, ambayo nyumbani kila mtu ana jina lake: mshipa, baridi, uzee, jicho baya. Akaenda moja kwa moja kwenye makalio. Nikasema daktari, nimesema mguu. Akasema ndiyo, dada, naufuata. Tak! Akasogeza kidogo, na yale maumivu yangu, yale yale, ninayoyajua kwa sura na kwa jina, yakashuka kutoka kwenye makalio, paja, goti, mpaka karibu na kifundo cha mguu. Kuyaona maumivu yako yameitwa kwa jina na kuitika, jamani, machozi yalinitoka, na si ya kuumia. Msuli ukaruka, mguu mzima ukatikisika kitandani, taulo likaanguka. Na bado!

Niliposimama ndio nikashangaa zaidi. Akasema geuza shingo. Nikageuza kwa woga, kwa mazoea, nikisubiri ule ukuta ninaoujua. Ukuta haupo! Shingo ikapita, ikaendelea, nikauona mlango uliokuwa nyuma yangu. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikawa najigeuza pale katikati ya chumba, viatu sijavaa, mhudumu wa mapokezi anachungulia.

Mie kuchuliwa nakupenda, usinielewe vibaya. Mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, mikono ya bibi anayejua kazi yake, nitakwenda mpaka nizeeke. Chuku nimepigwa pia, na mgongo ulikuwa mwepesi siku ile. Lakini kuna mafundo mikono haiyafikii, yamejichimbia chini ya msuli mwingine, yanacheka. Sindano inayafuata huko huko. Na wala si tiba ya Kichina, najua umeshaanza kuwaza hivyo, hasa kama wewe ni mtu wa Unguja ambako madaktari wa Kichina wapo tangu 1964. Ile ya Kichina inafuata njia za nguvu za mwili walizozirithi kwa karne nyingi. Hii inafuata msuli, fundo na neva. Sindano ni zile zile, safari ni mbali mbali.

Sasa utamu usitulevye, nikuambie na chumvi yake. Kesho yake inauma. Inauma ile ya kulima shamba baada ya miaka kumi ya ofisini, na inaweza kuendelea siku moja mbili, na huenda ukapata alama ya damu kuvilia. Mimi ninayo moja, ya zambarau, namwonyesha kila mtu. Nafuu nayo si hati ya milele: ukirudi kukunjama juu ya simu au kompyuta vile vile, fundo linarudi, ndiyo maana nimepewa mazoezi ya kunyoosha shingo na kukaza mgongo, na nitayafanya. Wataalamu wenyewe hata sasa wanabishana fundo hasa ni kitu gani. Wabishane tu, mie nalala.

Ila kwenye jambo moja sitanii kabisa. Hii si ya kuchomwa na rafiki aliyeona video, wala kinyozi, wala mchuaji wa kwenye sherehe. Chini ya bega na kifua kuna mapafu, na sindano iliyokosea njia inaweza kuyatoboa. Nenda kwa mfiziotherapia aliyesajiliwa na kufunzwa tiba hii, pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, ikimaliza itupwe. Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una mimba, au una homa au kidonda? Mwambie kabla hujavua blauzi. Ukisikia kifua kinabana au pumzi fupi baada ya kuchomwa, ni hospitali, mbio.

Baada ya hayo, nawaita! Fundi cherehani uliyeinama juu ya mashine tangu asubuhi, dada msusi unayesimama mikono juu mpaka rasta za mwisho, dereva wa lori la Tunduma, mwalimu wa rundo la madaftari, mama unayebeba mtoto nyonga ile ile kila siku: mnangoja nini? Kula kwanza, usiende na njaa ukazimia bure. Vaa nguo inayofunguka begani. Usijikaze, shusha pumzi, na msuli ukiruka, piga kelele tu, wamezoea. Ukitoka, nitafute uniambie ulikoanza kuruka, maana mimi nimeshaandikisha siku ya kurudi kwa ajili ya bega la kushoto!